Kelele za sumaku iliyo baridi kupita barafu

Swali la kugandisha lililozomewa darasani Iringa miaka ya 1960 lina ndugu yake leo: fuwele inayovuma kwenye baridi ya nyuzi 272 chini ya sifuri, na wanasayansi wasioelewana juu ya kile wanachokisikia.

MLANDEGE, IRINGA

Spika ikidondoka vibaya, ile pete nyeusi ya sumaku iliyobandikwa nyuma yake hupasuka. Mafundi redio wa Mlandege, kata ya Manispaa ya Iringa, wanajua kinachofuata. Vipande vinageuka vyenyewe mezani, vingine vinasukumana, vingine vinang'ang'ania bisibisi na havitaki kuachia.

Chukua kipande kimoja ukivunje katikati. Kila nusu itakuwa sumaku kamili, yenye kaskazini yake na kusini yake. Vunja tena, hali ni ileile. Unaweza kuendelea mpaka ubakiwe na vumbi, na kila punje ya vumbi hilo itakuwa na ncha mbili.

Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa hivyo katika somo la fizikia, na mwalimu wake hakosei. Hakuna aliyewahi kushika kaskazini mkononi na kuiacha kusini mezani.

Lakini tangu mwaka 2008 wanafizikia wamekuwa wakizungumzia fuwele moja ambayo ndani yake kaskazini na kusini huachana, kila moja ikashika njia yake. Julai 2019 kundi la watafiti likatangaza kwenye jarida la Nature kwamba limezisikia ncha hizo pweke zikitembea. Sauti yake ni mvumo, kama ule wa redio isiyokamata stesheni. Mabishano juu ya maana ya mvumo huo hayajaisha, na chini yake limejificha swali ambalo mji wa Iringa una haki ya kulidai kuwa lake: kitu kinapopozwa, je, mahali kinapofikia hutegemea njia kiliyopitia?

Mwanafunzi aliyechekwa

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, Lushoto. Yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaingiza kwenye friza. Nafasi ya friza ilikuwa ndogo. Siku moja, akihofia kuikosa, aliyatumbukiza maziwa yake yakiwa bado ya moto, sambamba na ya mwenzake ambaye hakuyachemsha kabisa. Baada ya saa moja na nusu ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Alimuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganya mambo. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, aliuliza tena. Safari hii alipata jina: mwalimu alisema, na darasa likaiga, kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Kijana hakukaa kimya. Alasiri moja aliikuta maabara ya biolojia iko wazi, akachukua bika mbili ndogo za sentimita za ujazo 50, moja akaijaza maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akaziweka penye barafu ndani ya jokofu. Aliporudi saa moja baadaye, bika iliyoanza na maji ya moto ndiyo iliyokuwa na barafu nyingi zaidi.

Kisha akaja mgeni. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, alizungumza na wanafunzi wa Mkwawa, na Mpemba akamuuliza mbele ya wote: kwa nini maji ya nyuzi 100 yagande kabla ya maji ya nyuzi 35? Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, ingawa hakuamini pia. Aliporudi Dar es Salaam alimpa fundi wa maabara kazi ya kupima. Fundi akaleta jibu kwamba maji ya moto yaliganda kwanza, akaongeza kwa nia njema kabisa kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala yao katika jarida la Physics Education la Uingereza. Tangu hapo jambo hilo linaitwa athari ya Mpemba.

> Fundi wa maabara aliahidi kurudia jaribio mpaka apate jibu sahihi. Jibu alilokuwa nalo mkononi ndilo lililoingia kwenye vitabu.

Si wote wanaoikubali. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipitia vipimo vya zamani, wakafanya vya kwao, wakaandika kwamba hawakupata ushahidi wa kuridhisha kuwa maji ya moto hupoa kabla ya maji ya baridi. Hata mahali pa kuweka kipimajoto ndani ya chombo palitosha kubadili matokeo. Wakati maji yanaendelea kubishaniwa, wengine waliliondoa swali kwenye friza na kulipeleka kwingine. Mwaka 2017 Zhiyue Lu na Oren Raz walionyesha kwa hesabu kwamba mifumo ya aina nyingi inayopoa inaweza kuwa na tabia hiyo, wakitumia mfano wa sumaku. Mwaka 2019 kundi la watafiti liitwalo Janus liliiona kwenye kompyuta katika kile kinachoitwa kioo cha spini, sumaku iliyojaa vurugu. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, waliipima kwa punje moja ndogo iliyosukumwa majini kwa mwanga wa leza.

Tanzania humkumbuka Mpemba kama kisa cha aiskrimu. Huko ni kumpunja. Swali lake limehamia kwenye sumaku, na huko ndiko liliko na nguvu zaidi kuliko lilivyowahi kuwa kwenye maji.

Barafu isiyo na tone la maji

Kila atomi ya baadhi ya metali ni sumaku ndogo mno. Wanafizikia huiita sumaku hiyo spini. Katika chuma cha kawaida spini hupenda kutazama upande mmoja, na ndiyo maana msumari hunaswa na sumaku. Kuna fuwele, hata hivyo, ambamo spini haziwezi kuridhika zote kwa pamoja.

Mfano maarufu una disprosi, titani na oksijeni kwa uwiano wa mbili, mbili, saba. Atomi za disprosi zimepangwa kwenye pembe za piramidi ndogo za nyuso nne, na kila pembe inashirikiwa na piramidi mbili jirani. Spini ya disprosi haina uhuru mkubwa: ama inatazama ndani ya piramidi, ama nje. Kwa spini nne za piramidi moja ipo mipangilio 16. Nishati ndogo kabisa hupatikana pale mbili zinapotazama ndani na mbili nje, na mipangilio ya namna hiyo ni sita. Hakuna kati ya hiyo sita iliyo bora kuliko nyingine. Fuwele nzima, yenye piramidi zisizohesabika, hubaki na njia nyingi mno za kutulia, na haijui ichague ipi.

Maji yaliyoganda yana tabia hiyohiyo. Kila atomi ya oksijeni ndani ya barafu imezungukwa na hidrojeni nne, mbili karibu na mbili mbali. Mwaka 1935 Linus Pauling alikokotoa vurugu inayobaki ndani ya barafu hata ikipozwa sana, na mwaka uliofuata William Giauque na J. W. Stout wakapima na kukuta hesabu yake inakubaliana na barafu halisi. Kwa hiyo mwaka 1997, Mark Harris, Steven Bramwell na wenzao walipokuta utaratibu wa mbili ndani, mbili nje katika fuwele ya holmi na titani, wakaipa jina la barafu ya spini. Miaka miwili baadaye Arthur Ramirez na wenzake walipima joto linaloingia na kutoka kwenye fuwele ya disprosi, wakaikuta namba ya Pauling imekaa humo.

Kaskazini yaondoka peke yake

Sasa geuza spini moja tu. Piramidi mbili zinazoishiriki zinavunja utaratibu papo hapo: moja inakuwa na tatu ndani na moja nje, jirani yake tatu nje na moja ndani. Kwa macho ya sumaku, ya kwanza imekuwa ncha ya aina moja na ya pili ncha ya aina nyingine. Geuza spini inayofuata, na ile ncha inahama piramidi moja mbele. Geuza nyingine, inahama tena. Zile mbili zilizozaliwa pamoja zinaweza kutengana mbali, zikivutana kwa kanuni ileile inayotumika kwa chaji za umeme, ambayo nguvu yake hupungua kadiri umbali unavyoongezeka.

Claudio Castelnovo, Roderich Moessner na Shivaji Sondhi ndio walioandika hayo kwa ukamilifu, Januari 2008, katika Nature. Hawakudai kuwa wamepata kile alichokitabiri Paul Dirac mwaka 1931, yaani chembe ya msingi yenye ncha moja tu. Chembe ya Dirac bado inatafutwa. Usiku wa tarehe 14 Februari 1982 kifaa cha Blas Cabrera katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kiliruka mara moja kwa kiasi kilekile kilichotabiriwa, na hakijaruka tena hivyo. Ncha za barafu ya spini ni kitu kingine: haziwezi kutoka nje ya fuwele, na chaji yake ni ndogo karibu mara 8,000 kuliko ile ya Dirac. Bado, zikiwa ndani humo, zinatembea, zinavutana, zinakutana na kufutana kama chembe halisi.

Wapo wanaoona kuliita jambo hilo ncha pweke ni kulipamba kupita kiasi. Hoja yao ina uzito, maana ukiikata fuwele hiyo mezani kila kipande bado kitakuwa na kaskazini na kusini, kama pete ya spika. Lakini fizikia imezoea kuhesabu namna hii. Nafasi iliyoachwa na elektroni ndani ya silikoni huhesabiwa kama chembe yenye chaji chanya, na bila hesabu hiyo simu ya mkononi isingeeleweka inavyofanya kazi.

Mzozo wa kwanza

Mwaka 2009 ulikuwa wa pilikapilika. Makundi ya Berlin na Grenoble yalirusha nyutroni ndani ya fuwele, yakatangaza kuona alama zilizotarajiwa. Mwaka huohuo Bramwell na wenzake nchini Uingereza walitumia myuoni, chembe za muda mfupi zinazofanya kazi ya dira ndogo, wakasema wamepima chaji ya ncha pweke na mkondo wake. Likazuka hata neno la kuuita mkondo huo umeme wa sumaku.

Furaha haikudumu. Sarah Dunsiger na wenzake waliandika mwaka 2011 kwamba myuoni zao hazikuonyesha dalili ya ncha hizo. Mwaka 2012 Stephen Blundell wa Oxford akaeleza kwamba uga wa sumaku unaovuja nje ya kipande cha fuwele unaweza kuzalisha ishara ya namna ileile. Kwa maneno ya mtaani, huenda kilichopimwa kilikuwa nje ya nyumba.

Jina hilo la Blundell lishikwe. Miaka saba baadaye lilionekana miongoni mwa waandishi wa makala ya kelele.

Kusikiliza badala ya kusukuma

Vipimo vingi vya sumaku huanza kwa kuisukuma: unaweka uga kutoka nje, unatazama fuwele inavyojibu. Kundi lililoongozwa na Séamus Davis, mwanafizikia wa Ireland ambaye amefanya kazi Cork, Oxford na Cornell, liliamua kutoigusa. Mtafiti kijana Ritika Dusad na wenzake walichukua fuwele nyembamba ya disprosi, wakaizungushia waya, wakaunganisha waya huo na kifaa kiitwacho SQUID ambacho huhisi mabadiliko madogo mno ya sumaku. Kila ncha pweke ikipita ndani ya kitanzi, kiasi cha sumaku kinachokipenya kitanzi hubadilika kidogo. Ncha zikiwa nyingi, zikizaliwa na kufutana ovyo, mabadiliko hayo hujilimbikiza na kuwa kelele.

Ni kama kusimama nje ya soko siku ya gulio. Husikii mtu mmoja anasema nini, lakini kwa mvumo tu unajua kama watu wanaharakishana au wanatembea taratibu, kama njia ni pana au zimebanana.

Vipimo vilifanyika kati ya kelvini 1.2 na 4 (kelvini ni kipimo cha joto kinachoanzia kwenye baridi ya mwisho kabisa), pale ambapo heliamu ni kimiminika. Kilichowafurahisha watafiti ni kwamba kasi ya mitetemo iliangukia ndani ya uwezo wa sikio la binadamu, ambalo husikia mpaka kama mitetemo 20,000 kwa sekunde. Ishara ikishakuzwa, inaweza kupelekwa moja kwa moja kwenye spika.

Wanafizikia wa Urusi, akiwamo Ivan Ryzhkin aliyezungumzia ncha hizi mapema mwaka 2005, walikuwa wamekwishakokotoa jinsi kelele hiyo inavyopaswa kuwa. Kwa sehemu kubwa ilikuja kama ilivyotarajiwa: kwenye mitetemo ya polepole ilikaa sawa, kwenye ya kasi ilishuka. Tatizo lilikuwa namna ya kushuka.

> Kelele ilikuja kama ilivyotabiriwa. Namna ilivyofifia ndiyo iliyoleta ugomvi.

Namba iliyogoma

Kama ncha zingekuwa zinazurura bila mpangilio, kama chembe ya vumbi inayosukumwasukumwa ndani ya maji, nguvu ya kelele ingeshuka kwa kipeo cha pili: mitetemo ikiongezeka mara mbili, nguvu ipungue mara nne. Fuwele ilikataa. Kipeo chake kilikuwa chini ya mbili, karibu na moja na nusu. Kwa asiyeshughulika na mambo haya tofauti hiyo ni ya kupuuzwa. Kwa anayeshughulika nayo, ina maana kwamba ncha haziendi popote zinapotaka. Kuna kitu kinazibana.

Kitu gani? Jibu la haraka lilikuwa uchafu. Kila fuwele ina kasoro, atomi imekaa pasipo pake, na ncha ikifika hapo inakwama. Mwaka 2022 Anjana Samarakoon, akiwa na wenzake wakiwamo Alan Tennant na Santiago Grigera, alichapisha vipimo vipya vya kelele vilivyothibitisha kwamba kipeo hicho cha ajabu kipo kweli. Kompyuta iliyopewa kanuni za kawaida za barafu ya spini, ambamo kila spini ina nafasi sawa ya kugeuka, haikukitoa.

Desemba mwaka huohuo Jonathan Hallén, pamoja na Grigera, Tennant, Castelnovo na Moessner, walileta jibu jingine katika jarida la Science. Fuwele, walisema, ni safi. Kinachobana ni jinsi spini inavyogeuka. Spini ya disprosi haipandi kilima cha nishati ili ivuke upande wa pili. Hupenya kwa njia ya kwanta, na kupenya kwake kunategemea uga wa pembeni unaotoka kwa majirani. Majirani wakijipanga namna fulani, nyuga zao hufutana, na spini iliyo katikati hubaki karibu bila msukumo. Matokeo yake kuna mwendo wa aina mbili, wa haraka na wa polepole mno, na kwa ncha inayotaka kupita baadhi ya milango iko wazi na mingine imefungwa.

Ukichora njia zilizo wazi tu, hupati mtandao mpana. Unapata matawi yenye mapengo, yenye vijitawi vyenye mapengo, na kadhalika, umbo ambalo wanahisabati huliita fraktali. Umbo hilo halionekani popote kwenye atomi zenyewe, ambazo zimepangwa kwa unadhifu. Linatokana na mwendo, na hubadilika kila spini inapogeuka. Hesabu ya Hallén ilipoingiza kasi mbili hizo, kipeo cha moja na nusu kilijitokeza bila kulazimishwa.

Mwaka 2024 kundi la Davis, safari hii likiwa limeungana na Hallén, Castelnovo na Moessner, lilirudi na vipimo vilivyofika kwenye baridi kali zaidi, na likaripoti kuona dalili za mienendo miwili tofauti ndani ya kelele. Waliokuwa upande wa vipimo na waliokuwa upande wa nadharia waliandika makala moja. Katika fani hii, hilo lenyewe ni habari.

Subira ya sekunde milioni

Lipo jambo ambalo kelele haijalimaliza, na hapa ndipo swali la Mkwawa linaporudi.

Ukiipoza barafu ya spini haraka, ncha pweke hazipati muda wa kutafutana na kufutana. Zinanaswa. Carley Paulsen na wenzake wa Grenoble waliandika mwaka 2014 jinsi walivyopoza fuwele kwa kasi ya ajabu na kubakiwa na ncha nyingi zilizokwama, nyingi kuliko zinavyostahili kwenye baridi hiyo. Fuwele mbili zilizotoka kiwanda kimoja, zikiwa kwenye joto moja, zinaweza kuwa na hali tofauti kwa sababu tu moja ilipozwa kwa pupa.

Je, ukiipoza kwa utaratibu wa hali ya juu? David Pomaranski na wenzake wa Waterloo, Kanada, waliripoti mwaka 2013 kwamba walipoipa fuwele muda mrefu sana wa kutulia, vurugu ya Pauling ilianza kupungua, na hilo lilionekana kwenye nusu kelvini. Kwa nadharia, hiyo ni mapema mno. Spini zinatarajiwa kujipanga rasmi karibu na kelvini 0.15. Kama Waterloo walikuwa sahihi, barafu ya spini isingekuwa barafu kweli, ingekuwa kitu kinachochelewa kuamua.

Mwaka 2018 Sean Giblin na wenzake walirudia kazi hiyo kwa nyutroni na vipimo vya joto. Kwenye kelvini 0.35 walisubiri kwa kipimo cha sekunde milioni moja, ambazo ni zaidi ya siku 11. Vurugu haikupungua. Wakahitimisha kwamba vipimo vya Ramirez vya mwaka 1999, vilivyofanywa haraka kuliko inavyopasa, vilikuwa sahihi kimsingi kwa sababu makosa yake yalifutana.

Kwa mtazamo wa makala haya, ushahidi wa 2018 ndio mzito zaidi. Ila ni vigumu kutomkumbuka yule fundi wa maabara wa Dar es Salaam na ahadi yake.

Madini ya Kusini

Msomaji wa Iringa au Mbeya anaweza kuuliza haya yote yanamhusu nini. Jibu la kwanza liko ardhini.

Disprosi ni mojawapo ya madini adimu, na Nyanda za Juu Kusini zina mlima wa madini hayo. Ngualla uko wilayani Songwe, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Aprili 2023 Serikali ilitoa leseni maalumu ya uchimbaji kwa Mamba Minerals, kampuni ya ubia ambamo Serikali ilipewa hisa asilimia 16 na mbia wake alikuwa Peak ya Australia. Titani nayo haiko mbali: chuma cha Liganga, wilayani Ludewa, kimechanganyika na titani na vanadi. Ludewa ilikuwa sehemu ya Iringa mpaka Njombe ilipopewa mkoa wake mwaka 2012.

Ni vyema kutotia chumvi hapa. Utajiri wa Ngualla ni neodimi na praseodimi, madini adimu mepesi yanayoingia kwenye sumaku za mota za magari ya umeme na mitambo ya upepo. Disprosi yake ni kidogo sana. Na fuwele za maabara zinahitaji gramu chache tu, kwa hiyo hakuna mgodi utakaofunguliwa kwa ajili ya barafu ya spini. Lakini disprosi huongezwa kwenye sumaku za neodimi ili zisipoteze nguvu zikipata joto, na Aprili 2025 China ilipoweka masharti ya kuuza nje madini adimu saba, disprosi ilikuwamo. Nchi inayochimba inaweza kuuza udongo, au inaweza kuwa na watu wanaojua kwa nini udongo huo una thamani. Tofauti kati ya mambo hayo mawili hupimwa kwa fedha.

Kuhusu matumizi ya kelele yenyewe, bidhaa haipo. Watafiti huzungumzia kuhifadhi taarifa, na huzungumzia kelele za sumaku zinazosumbua kompyuta za kwanta. Kelele isiyoeleweka ni adui wa vifaa hivyo, na fuwele ya disprosi ni mahali safi pa kujifunzia tabia zake. Atakayeahidi zaidi ya hapo anauza mbuzi kwenye gunia.

Kinachowezekana bila heliamu

Shule ile ya Mkwawa sasa ni chuo. Tangu mwaka 2005 majengo yake ni ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na huandaa walimu wa sekondari, wa fizikia wakiwamo. Mashine za kupoza fuwele mpaka kelvini moja ni ghali, na heliamu yake ni ghali zaidi. Hapo hakuna cha kudanganyana.

Sehemu kubwa ya mjadala huu, hata hivyo, imeamuliwa kwenye kompyuta. Kanuni ya mbili ndani, mbili nje huandikika kwa mistari michache ya programu. Unaweka spini elfu kadhaa, unaziacha zigeuke kwa bahati nasibu huku ukishusha joto, unarekodi jumla ya sumaku kila hatua, kisha unatafuta kipeo cha kelele. Kompyuta mpakato ya kawaida inaiweza kazi hiyo. Mwanafunzi anaweza pia kuanza na mfumo wenye joto kali na mwingine wenye joto la wastani, akaipoza yote miwili kwa kiwango kimoja, akaangalia upi unamaliza ncha zake mapema.

Na kama umeme umekatika, ipo njia ya mezani. Mwaka 2012 Paula Mellado, Andrés Concha na L. Mahadevan waliripoti jaribio walilolifanya kwa fimbo ndogo za sumaku zenye urefu wa sentimita chache, kila moja ikiwa imeshikizwa katikati ili izunguke kwa uhuru, zikapangwa kwa umbo la sega la asali. Walizitikisa kwa uga wa nje, wakaziacha zitulie, wakazipiga picha za video. Kwenye sega hilo fimbo tatu hukutana kila pembe, na kanuni yake ni mbili ndani na moja nje, au kinyume chake. Fimbo zilijipanga zenyewe kwa kanuni hiyo, zikigeuzana moja baada ya nyingine mpaka zikasimama.